Kiti Kilicho Karibu na Baba Mkwe

Hiyo ilikuwa mara ya nne kuhojiwa kwa kazi ya urubani, na nilikuwa nimechoka kabla hata ya kuitwa jina. Niliketi kwenye benchi nje ya ofisi ya Sirende Air, kando ya kiwanja cha ndege cha Kitale, nimevaa shati jeupe ambalo kola yake nilikuwa nimeishona upya. Vijana watatu waliokuja kwa kazi hiyo hiyo walikuwa wakionyeshana picha kwenye simu. Mmoja aliniuliza kwa adabu kama nimemsindikiza mtoto wangu. Nikamwambia nimejisindikiza.

Nilikuwa na miaka thelathini na saba. Kidato cha kwanza nilikianza nikiwa na ishirini na tano, katika masomo ya jioni mjini Bungoma, baada ya kufunga duka la pembejeo nilikokuwa napima mbolea na mbegu. Hesabu niliirudia mara mbili, fizikia mara tatu. Wekoye, mume wangu, aliuza trekta yake ili niende shule ya urubani, na tangu hapo analimiwa na trekta za watu. Leseni niliipata. Kazi ndiyo haikupatikana. Leseni ya rubani asiyeruka hufa pole pole, na yangu ilikuwa imebakiza miezi miwili. Tulikuwa tumekubaliana na Wekoye bila ugomvi wowote: hii ikikataa, narudi dukani, na neno ndege halitatajwa tena nyumbani kwetu.

Sikuwa na maombi marefu siku hiyo. Marefu niliyamaliza mara ya kwanza na ya pili. Nilisema tu moyoni, "Bwana, unaniona nimeketi hapa," nikanyamaza.

Ndani walikuwa watu watatu. Wangechi, mama wa ofisi ya wafanyakazi, alisimama akaninyooshea mkono. Kapteni Gathii, rubani mkuu, alifanya vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa amesimama dirishani akiangalia ndege, na alipogeuka nilimtambua. Alikuwa Kapteni Mukhwana, ndugu mdogo wa marehemu baba mkwe wangu.

Kwetu Wabukusu, ndugu ya baba mkwe ni baba mkwe. Mke wa kijana hamshiki mkono. Haketi naye benchi moja, hali chakula mbele yake, hamwangalii usoni. Akiwa na neno la kumwambia, analipitisha kwa mtu mwingine. Unamwambia mtoto, "Mwambie baba maji ya kuoga yako tayari," hata kama baba amesimama hapo hapo na amesikia. Mtoto asipokuwepo unamwambia kuku. Mimi nimewahi kumwambia kuku mambo mengi.

Mukhwana ndiye rubani wa kwanza niliyemwona maishani, kwa mbali, siku ya harusi yangu. Miaka yote ya shule maswali yangu ya urubani niliyapitisha kwa Wekoye, naye akampigia simu, na majibu yalinifikia yakiwa yamepunguka njiani. Nilidhani bado anarusha ndege za misaada Sudan Kusini. Kumbe alikuwa amerudi, na sasa alikuwa mkufunzi wa marubani wote wa Sirende.

Niliinamisha kichwa, nikarudi hatua moja nyuma. Yeye pia akarudi hatua moja, mpaka mgongo ukagusa dirisha. Wangechi alituangalia kwa zamu kana kwamba tumegombana. Mukhwana akawaeleza kwa maneno machache kwamba mimi ni mke wa mtoto wa ndugu yake, kwamba hataniuliza swali wala kunipa alama, na akaenda kukaa pembeni kabisa, karibu na mlango.

Maswali yalikuwa ya haki. Waliniuliza ndege yenye mzigo inahitaji urefu gani wa ziada ili kuruka kutoka Kitale saa nane mchana, palivyo juu na hewa ilivyo nyepesi. Nilipiga hesabu kwenye karatasi nikawaonyesha. Waliniuliza kuhusu mawingu ya Mlima Elgon na upepo wa alasiri kutoka ziwani. Mwisho Wangechi akaniuliza ningefanya nini kama kapteni angekosea mbele ya macho yangu.

"Nitamwambia," nikasema. "Asiporekebisha, nitamwambia mara ya pili kwa nguvu zaidi. Asiporekebisha tena, nitachukua ndege."

"Hata kama amekuzidi miaka ishirini?"

"Ndege haijui miaka yake."

Gathii alicheka kidogo akaandika. Jibu hilo nililisoma kwenye kitabu, na nililiamini. Vijana wawili walirudishwa nyumbani siku hiyo. Mimi na yule aliyeniuliza kuhusu mtoto tukaambiwa tuje Jumatatu kwa jaribio la kuruka.

Jumatatu ndipo nilipojua utaratibu wao. Sirende ilikuwa na mkufunzi mmoja tu wa aina ile ya ndege, naye alikuwa Mukhwana. Yeye angeketi kiti cha kushoto kama kapteni. Anayejaribiwa angeketi kulia, kama rubani msaidizi. Gathii angeketi nyuma yao na hedifoni na karatasi, na kutoa alama ni kazi yake peke yake. Alinieleza wazi kwamba akishaketi hapo nimhesabu kuwa hayupo.

Chumba cha marubani katika ndege ile ni kidogo kuliko meza ya jikoni. Bega langu na bega la baba mkwe zilitenganishwa na nafasi ya vidole vitatu. Nilijibana kwenye mlango mpaka kitasa kikaniuma mbavuni. Mukhwana naye alijibana kwenye mlango wake. Tulisoma orodha ya hatua kabla ya kuwasha injini, yeye akitaja na mimi nikijibu, na hilo lilikwenda vizuri kwa sababu maneno yalikuwa yameshaandikwa. Kusoma si kuongea.

Tuliruka asubuhi njema, Mlima Elgon uko wazi kulia kwetu, Nzoia chini yetu ikiwa na rangi ya chai. Baada ya dakika kumi na tano hivi tukaona miwa ya Webuye na kiwanja cha Matulo. Mukhwana alianza kushuka. Nikaangalia saa ya mwendo. Ilisoma mia na kumi na tano, wakati tulipaswa kuwa karibu na themanini na tano. Nikangoja apunguze. Hakupunguza. Nikamwangalia kwa pembe ya jicho, nikaona sikio lake, ambalo ni sikio lile lile la marehemu ndugu yake.

Nilijua ninachopaswa kusema. Yalikuwa maneno mawili tu. Nikageuza shingo nyuma nikasema kwenye hedifoni, kwa sauti ya kumwambia mtoto jikoni:

"Kapteni Gathii, sijui kama baba ameona mwendo."

Gathii alikuwa akiangalia karatasi yake. Hakuinua uso. Mukhwana aliendelea kushuka na mwendo ule ule, na mimi niliendelea kungoja Gathii apitishe neno. Kiwanja kilianza kupita chini yetu, robo, nusu, na magurudumu hayajagusa. Ndipo Mukhwana mwenyewe akasukuma wenzo wa injini na kutupandisha tena. Tulizunguka, akatua vizuri, akazima injini. Mbuzi waliokuwa mwisho wa kiwanja walirudi kula nyasi.

Gathii aliniita kando, kwenye kivuli cha bawa.

"Uliona mwendo?"

"Niliona."

"Uliona mapema?"

"Mapema sana."

"Na ulimwambia nani?"

"Nilikuambia wewe."

"Lenah," akasema, bila ukali, "mimi sikuwa ndani ya ndege."

Alinieleza kwamba kosa lile walilipanga, kwamba kila anayejaribiwa hufanyiwa kosa moja, na kwamba yule kijana alimkaripia Mukhwana kabla hata hawajakaribia kiwanja. Nikajaribu kumweleza habari ya mkwe. Alisikiliza mpaka mwisho. Yeye amezaliwa Trans-Nzoia na amekaa na Wabukusu miaka yote, akasema, na anaiheshimu desturi yetu, lakini abiria kumi na wawili watakaoketi nyuma hawataulizwa kama wanaiheshimu. Alitaka kunikataa siku hiyo hiyo. Kilichomzuia ni hesabu yangu ya siku ya mahojiano. Akanipa hadi Alhamisi. Mara moja, na hakutakuwa na ya pili.

Nilirudi Bungoma nikiwa na uchovu wa aina ambayo usingizi hauondoi. Wekoye aliniandalia uji akaniuliza kidogo kidogo, na nilipomaliza alisema pengine amwombe ami yake ampishe mtu mwingine. Nikamwambia hakuna mtu mwingine. Na hata angekuwepo, kila siku ya kazi ningeketi kiti kile kile.

Jumatano nilikwenda nyumbani kwa mama mkwe wangu, Mama Nangila. Nilimkuta uani akipukuchua mahindi kwenye gunia lililotandazwa. Nikaketi chini nikachukua hindi moja, nikaanza kupukuchua naye. Nikamuuliza kama ile aibu kati ya mke wa kijana na baba mkwe inaweza kuondolewa, maana nilisikia kuna njia.

Akasema njia iko. Wazee wanakaa, kunachinjwa, kunapeanwa vitu, na baada ya hapo mnasalimiana kwa mkono kama watu wa kawaida. Lakini wazee wa ukoo walikuwa matangani Lwakhakha mpaka Jumapili, na jambo hilo halifanywi na mtu mmoja uani na gunia la mahindi.

"Na ati unataka iondolewe ndio umkaripie shemeji yangu?"

"Ndio nimwambie mwendo umezidi, Mama."

"Si umwambie tu."

"Nilishindwa."

Alipukuchua mahindi mawili. Halafu akauliza kama nakumbuka siku mzee wake alianguka kwenye zizi la ng'ombe.

Nilikumbuka. Ilikuwa miaka sita iliyopita, mwaka mmoja kabla hajafa. Mvua ilikuwa imenyesha. Mzee aliteleza kwenye matope akashindwa kuinuka, na nyumbani nilikuwa mimi peke yangu. Nilisimama langoni mwa zizi, nikamwona, naye akaniona. Kisha nikakimbia hadi barabarani kuita wanaume. Nilikimbia kwa nguvu zangu zote. Walipofika alikuwa bado amelala pale pale, ng'ombe amesimama juu yake.

"Hakuna mtu alikulaumu," Mama Nangila akasema. "Ulifanya vile ulifunzwa."

"Najua."

"Jioni hiyo mzee aliniambia, 'Si huyo mtoto angenishika tu mkono.'"

Hindi lilinitoka mkononi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka hii yote. Akajibu kwamba ni neno la mzee, na yeye alikuwa analitunza tu. Akaokota lile hindi akamalizia punje zilizobaki.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Kanisa letu lilikuwa wazi, watu wa kwaya wakifagia, nikaingia nikapiga magoti kwenye benchi la nyuma. Sikuomba kushinda. Niliomba mzee anisamehe, na sikuwa na hakika kama mtu anaruhusiwa kuomba hivyo. Kisha nikaomba nisigeuke nyuma. Sikuwa na maneno mengine. Mwanakwaya mmoja alifagia akinizunguka, akaniacha.

Alhamisi nilimkuta Mukhwana tayari ameketi kiti chake, amejibana mlangoni mwake. Nikapanda, nikajifunga mkanda. Safari hii sikuegemea mlango. Niliketi katikati ya kiti, kama kilivyotengenezwa kukaliwa.

Tuliruka hadi Matulo na kila kitu kilikuwa sawa. Mwendo ulikuwa themanini na tano kamili. Alitua kama mtu anayeweka yai mezani. Tuligeuza tukaruka tena kurudi, na njia nzima macho yangu yalikimbia kutoka kipimo kimoja hadi kingine mpaka yakaanza kuuma. Nilianza kufikiri pengine wamenionea huruma, kwamba hakuna kosa lililopangwa. Wazo hilo lilinichosha kuliko kosa lenyewe.

Kitale ilipoonekana tulikuwa kwenye mstari mzuri. Kisha nikaona pua ya ndege imeinama kidogo kuliko inavyotakiwa. Mikaratusi iliyo mbele ya kiwanja, ambayo ilipaswa kuwa chini yetu, ilianza kuwa mbele yetu.

"Kapteni, tuko chini," nikasema.

Nilisema "Kapteni". Sikusema "baba". Sauti yangu niliisikia kwenye hedifoni kama ya mtu mwingine, mtu wa duka akimwambia mteja mbegu zimekwisha. Mukhwana alikaa kimya. Nyuma, Gathii hakuwepo.

"Kapteni, tuko chini. Ongeza nguvu."

Kimya. Majani ya mikaratusi yakaanza kuonekana moja moja. Shingo yangu ilitaka kugeuka. Kwa kweli ilitaka, niliisikia misuli ikijiandaa, na nikaona zizi, na matope, na uso wa mzee ukiniangalia bila kuita.

Nikaweka mkono wangu wa kushoto kwenye wenzo wa injini. Mkono wake ulikuwa hapo. Katika miaka kumi na minne ya ndoa sikuwa nimemgusa mtu yeyote wa umri wa baba mkwe katika ukoo ule. Ulikuwa mkono wa moto, wenye mifupa mikubwa, na haukuondoka.

"Ndege ni yangu," nikasema, nikasukuma wenzo pamoja na mkono wake.

Hapo ndipo alipoutoa. "Ndege ni yako," akajibu, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Injini ilinguruma, pua ikainuka, mikaratusi ikapita chini. Nilitaja hatua zangu kwa sauti, moja baada ya nyingine, naye akazifanya alizopaswa kufanya. Tulizunguka mji. Nikatua mwenyewe, na sikutua kama mtu anayeweka yai. Tulirukaruka mara mbili. Nikazima injini.

Tuliposhuka, Mukhwana alizunguka upande wa pili wa ndege akasimama na mwili wa ndege katikati yetu. Nilimwona miguu tu. Nilidhani nimemvunjia heshima na kwamba habari itafika nyumbani kabla yangu. Gathii alikuwa ameweka karatasi kwenye tairi, anaandika.

"Gathii," sauti ya Mukhwana ikasema kutoka ng'ambo ya ndege, "mwambie mke wa mtoto wangu alichelewa kidogo kwa neno la tatu. Siku nyingine asingoje hivyo."

Nikamgeukia Gathii. "Mwambie baba nimesikia. Sitangoja."

Gathii aliacha kuandika, akaangalia huku na huku. "Sasa mimi ndio redio yenu?"

"Na umwambie," Mukhwana akaendelea, kana kwamba hakusikia, "marehemu angefurahi."

Hilo Gathii hakulipitisha. Aliinamia karatasi yake, akaandika jina langu lote, akaweka sahihi. Akanionyesha: nianze Jumatatu, wiki sita za mafunzo, kiti cha kulia. Nilisoma mara mbili kwa sababu macho hayakuwa yakishika mistari. Kumshukuru Mungu nilimshukuru, lakini pole pole, kama mtu anayetua mzigo kichwani na shingo bado inadhani uko.

Yule kijana aliyejaribiwa nami Jumatatu, ambaye tayari alikuwa na sare, alituletea chai vikombe vitatu kwenye sinia. Gathii akachukua chake. Mukhwana akachukua chake akakaa kwenye kipande cha kivuli kilichobaki, mgongo kwangu, ili nipate nafasi. Nikachukua changu, nikaenda kunywa nyuma ya mkia wa ndege, mahali ambapo hangeniona.